Bi Karibu na Kengele ya Chumba cha Baridi

Shangazi yangu hakumruhusu mtu yeyote kuingia chumba cha maiti bila kupiga hodi. Wauguzi walibisha, polisi walibisha, daktari mkuu mwenyewe alibisha. "Humu mna watu," alikuwa akisema, "tena watu wasioweza kujifunika wenyewe." Ukiingia kimyakimya alikurudisha nje kwa kiganja kimoja kifuani, ukaanza upya.

Hospitali nzima ilimwita Bi Karibu. Kila mwili ulipoletwa, yeye alisimama mlangoni, akafungua, akasema, "Karibu, karibu ndani, pole na safari." Alimwambia hivyo mtoto wa siku mbili na mzee wa miaka tisini bila kubadilisha sauti. Kwa sababu hiyo hapakuwa na mfanyakazi aliyekubali kukaribishwa naye kitu chochote. Ukipita ofisini kwake akasema karibu chai, watu wazima na elimu zao walijibu, "Asante Bi Karibu, sisi bado tupo," wakaongeza mwendo. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtakuja tu!" aliwapigia kelele.

Mimi ni fundi umeme wa hospitali hiyo, na huyo ndiye aliyenilea. Mama yangu alikufa nikiwa na miaka minne. Baba, ambaye ni kaka yake shangazi, akaenda kuoa mbali, akanisahau hukohuko. Shangazi hakujaliwa mtoto. Alinichukua na mfuko wangu wa nguo mbili, akanisomesha kwa kazi ya kufagia wodi ya wazazi, miaka kumi na moja ameinama na ufagio. Kisha mhudumu wa chumba cha maiti alistaafu, nafasi yake ikakosa mtu, na shangazi akaenda kuiomba kwa miguu yake. Nilimuuliza anaachaje mahali watu wanapozaliwa akaenda kwenye maiti. "Kule kila mtoto anasubiriwa na watu kumi," akasema. "Huku wengi wanafika peke yao."

Nataka ieleweke mapema kwamba mimi si mtu wa mizimu. Hasira zangu ziko karibu, na hakuna kinachozipandisha upesi kama mtu mzima kuniambia kifaa kimeharibika kwa sababu "kuna kitu". Kitu gani? Waya umelegea, fyuzi imeungua, panya katafuna. Kila kilichozimika kina sababu na kila kilichojiwasha kina sababu, na kazi yangu ni kuitafuta. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema siku zote, kwa sauti kubwa, mbele za watu.

Chumba chenyewe cha baridi kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, jirani na chumba cha dobi wa hospitali. Ndani mlikuwa na vitanda kumi vya magurudumu, vitano kila upande, taa moja ya mrija, na feni mbili zilizopuliza baridi bila kupumzika. Kompresa, mashine inayotengeneza hiyo baridi, ilikuwa nyuma ya ukuta, na kila ilipowaka, sakafu ya ukumbini ilitetemeka chini ya viatu. Mlango ulikuwa mzito, una mpira pembeni, na ulijifunga kwa uzito wake. Kitasa chake cha ndani kilikuwa ugonjwa wa kudumu: kilichakaa, nikakipeleka kwa fundi vyuma kikachongwa, kikachakaa tena. Siku moja kiligoma shangazi akiwa ndani. Alikaa robo saa mpaka dobi alipomsikia anagonga. Alitoka anatetemeka, anacheka, anasema wenyeji wamemkirimu sana. Daktari mkuu hakucheka. Aliniita akasema anataka kitufe ndani na kengele nje kabla wiki haijaisha, mpaka mlango mpya upatikane.

Niliitengeneza mwenyewe. Nilikuwa na maikrokontrola, ile kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, na bodi ya relei. Relei ni swichi inayovutwa na sumaku badala ya kidole: ikipata amri inasema tak, na kengele ya ukumbini inapata umeme. Kanuni yake kila fundi anaijua: akili na misuli visile sahani moja. Kompyuta inalishwa na chaja yake, sumaku inalishwa na chaja nyingine, maana kila kitu kikubwa kinapowaka na kuzimika umeme hushtuka, na mshtuko ukiifikia kompyuta huichanganya. Katikati ya bodi kuna kidude cheusi, kidogo kama mbegu ya papai. Ndani yake mna taa upande mmoja na jicho upande wa pili. Amri huvuka kwa mwanga tu. Umeme wa huku haugusani na umeme wa kule.

Shangazi alikuwa ananishikia tochi nilipomweleza. Akaitazama ile mbegu kwa muda.

"Yaani wanapeana habari bila kugusana," akasema.

"Ndiyo."

"Kama sisi na hawa."

"Shangazi, nishikie tochi vizuri."

Nikafunga chaja mbili. Ndani nikaweka kitufe chekundu ukutani, kando ya mlango, juu ya kitanda cha kwanza cha kulia. Nje, juu ya boksi la mitambo, nikaweka kioo kidogo kinachoonyesha nyuzi za baridi na hesabu ya mara ngapi kitufe kimebonyezwa. Siku ya majaribio daktari mkuu alibonyeza mwenyewe. Kengele ililia sekunde tano kama nilivyoipangia, hesabu ikasoma moja, na wafanyakazi wakapiga makofi. Akaniita mhandisi mbele yao wote. Nikawahubiria, kifua mbele, habari za chaja mbili na umeme usiogusana. Shangazi alisimama nyuma kabisa akijifuta macho kwa ncha ya aproni.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, kengele ililia na ndani hapakuwa na mtu aliye hai.

Nilikuwa ukumbini. Shangazi alikuwa ofisini kwake, mlango wazi, kikombe cha chai mkononi. Tulitazamana. Akakiweka kikombe chini, akanyoosha aproni, akaitika kwa sauti ya mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili: "Abee!" Akabisha hodi, akaingia. Nilisimama palepale, nywele za shingoni zimenisimama, na nikajikasirikia kwa kusimamwa na nywele. Baada ya dakika mbili akatoka.

"Ni yule mzee wa jana," akasema. "Shuka lilikuwa limemtoka miguuni." Akarudi kwenye chai yake.

Nikatazama kioo. Hesabu ilisoma sifuri, na asubuhi ilikuwa inasoma moja. Hapo nikajua. Kompyuta ilikuwa imezimika na kuwaka upya, ndiyo maana ikasahau hesabu, na katika kuzinduka kwake iliiachia relei ijipigie. Hata mlio wenyewe ulikuwa mfupi, sekunde mbili, si tano. Nikafungua boksi, na ndani ya dakika moja nikaona. Pembeni mwa bodi kuna pini tatu, na mbili kati yake huvishwa kikofia cheusi cha ukubwa wa punje ya mchele. Mafundi tunakiita jampa. Bodi hutoka dukani imekivaa. Kazi yake ni kuunganisha umeme wa akili na wa misuli, kwa mtu mwenye chaja moja. Mwenye chaja mbili hukivua kwanza. Mimi nilileta chaja mbili, nikahubiri chaja mbili, na kikofia nikakiacha kichwani. Kompresa ikiwaka, mshtuko ulipita humo kama kwake.

Kukivua ni kazi ya kucha mbili. Ningekivua wakati uleule. Lakini dobi alikuwa amesimama nyuma yangu na rundo la mashuka, na nyuma ya dobi wauguzi wawili, wote macho kwangu.

"Vipi, mhandisi?" dobi akauliza. "Wateja wanaita?"

Nikafunga boksi. "Mitambo iko sawa," nikasema.

"Sasa kabonyeza nani?"

Nikapandisha mabega. Ndivyo nilivyofanya, mimi nisiye mtu wa mizimu. Niliogopa aibu, nikawaachia marehemu lawama.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi mitatu. Kesho yake habari ilikuwa imeshazunguka wodi zote, na kadiri siku zilivyopita ndivyo kuvua kile kikofia kulivyozidi kuwa kigumu, kwa sababu kengele ikinyamaza ghafla wangeuliza nimefanya nini. Ililia mara mbili au tatu kwa wiki. Kila ilipolia, shangazi aliitika abee, akabisha, akaingia, na kila alipoingia alikuta jambo. Mara mpira wa mlango umeachia. Mara mtoto amelazwa karibu mno na feni. Siku moja alikuta kadi mbili za majina za kidoleni zimebadilishana, vijana wawili wa umri mmoja, na jamaa za mmoja walikuwa tayari getini na gari. Alitoka na zile kadi mkononi, rangi imemtoka.

"Wangezika mtoto wa watu," akasema. "Asante kwa kengele yako, mwanangu."

Najua kompresa iliwaka. Niliisikia kwa miguu yangu. Nilijiambia kwamba mtu akiingia chumba chochote kukitafuta kilichoharibika hatakosa cha kuona. Bado nadhani hivyo. Ila nilianza kupita ule ukumbi kwa haraka, na dobi aliona, akanicheka.

Ukumbi mzima ulizoea. Kengele ikilia hakuna aliyegeuza shingo. "Bi Karibu, wageni wako!" dobi alipaza sauti, akaendelea kukunja mashuka.

Katika mwezi wa pili tuliletewa mwanamke asiye na jina. Alikutwa amekaa kwenye benchi la kituo cha mabasi, mikono mapajani, amekufa kwa utulivu. Alikuwa mtu mzima, nguo safi, nywele zimesukwa upande mmoja na upande wa pili bado. Kwenye kadi yake, penye jina pakawekwa mstari, na penye jamaa pakawekwa mstari. Shangazi aliichukia mistari hiyo. Watu wasiotafutwa na mtu huchukuliwa na gari la manispaa muda wao ukifika, na kwenye fomu yao, mahali palipoandikwa uhusiano na marehemu, karani huchora mstari wa mwisho na kugonga muhuri.

Shangazi alimweka kitanda cha kwanza cha kulia, chini ya kitufe, karibu na mlango, asijione ametupwa. Akamalizia kumsuka ule upande wa pili. Akaanza kumwita wifi, maana wifi ndiye mtu wa kutaniwa bila kuomba radhi.

"Wifi, umelala mpaka saa hizi? Jua limefika wapi?" Nilimsikia kila asubuhi. "Wifi, kunja mkono huo, unaziba njia."

Siku moja nilikuwa nabadilisha taa ya mrija na masihara yale yakanichosha. "Ukimwita wifi, mimi nimwite nani?" nikauliza kwa ukali.

"Hesabu mwenyewe. Wifi yangu si mke wa kaka yangu? Mwamkie mama."

"Mama yangu alishazikwa."

"Basi ana bahati," akasema shangazi. "Huyu bado."

Nikashuka kwenye ngazi. Nilikasirika siku nzima, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba hakuwa amekosea.

Kilichonishinda mwishowe ni baba mmoja. Alikuja kumchukua mwanawe, kijana aliyeanguka kutoka kwenye jengo. Alikuwa amesimama ukumbini, kofia mkononi, anatia saini mahali anapoonyeshwa, kimya kabisa. Sakafu ikatetemeka. Kengele ikalia.

Yule baba akageuka. "Hiyo ni nini?"

Akaona waya unaotoka kwenye kengele, akaufuata kwa macho mpaka juu ya mlango wa chumba cha baridi, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijaisahau.

"Anaita," akasema. "Mwanangu anaita. Fungueni! Yuko hai, fungueni!"

Shangazi alifungua. Angefanya nini? Baba alimkimbilia mwanawe, akamshika mashavu, akamwambia nimekusikia, nimekuja, fumbua macho nimekuja. Alimwambia hivyo kwa muda mrefu. Watu wawili walimtoa, na ukumbi mzima ulisikia sauti yake mpaka nje getini. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya boksi langu. Nilitaka ardhi ipasuke.

Walipoondoka nilifungua boksi nikakivua kile kikofia. Kucha mbili, kama nilivyosema. Nikakifunga kwenye karatasi, nikakitia ndani ya sanduku la zana. Nikasubiri kompresa iwake na kuzimika mara sita. Kengele haikutikisika. Nikabonyeza kitufe kwa kidole changu: sekunde tano kamili, na hesabu nikairudisha kwenye sifuri. Sasa ilikuwa kengele ya kweli. Isingelia ila kwa kubonyezwa.

Na sikumwambia mtu. Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo, na naliandika kama lilivyo. Kukiacha kikofia ni usahaulifu, na fundi yeyote husahau. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umefundishwa kutoisikia kengele ile, na aliyewafundisha ni mimi, na nilikuwa najua kwamba kuanzia siku ile kila mlio ni wito. Ilinipasa kusema. Kusema kungekuwa kukiri.

Shangazi aliumia kwa ule ukimya. Wiki mbili zikapita, zikawa tatu. Nilimkuta mara nyingi amesimama mbele ya mlango, sikio limeinama.

"Wamenuna," akaniambia. "Sijui tumewaudhi nini. Hata wifi haniiti tena."

Nikamwambia anywe chai yake kabla haijapoa.

Jumatano moja nilitoka saa mbili asubuhi kwenda mjini kutafuta swichi ya jenereta. Nilirudi saa tano na nusu. Nilikuwa nimeingia getini, namalizia kumtania mlinzi juu ya redio yake, niliposikia kengele kwa mbali. Nikahesabu bila kukusudia. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Tano.

Niliiangusha ile swichi. Nilikimbia ukumbi mzima, na nilipompita dobi alikuwa anakunja mashuka kwa amani.

"Kumekucha!" akasema. "Inalia toka saa tatu. Leo wana maneno kweli. Bi Karibu kachoka hata kuwaitikia."

Kengele ikalia tena nikiwa na mkono kwenye kitasa cha nje. Nikavuta mlango. Sikubisha hodi.

Shangazi alikuwa sakafuni, mbali, mwisho wa chumba, kati ya vitanda viwili vya nyuma. Mguu mmoja ulikuwa umekunjika vibaya chini yake. Alikuwa amejifunika kipande cha shuka. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Nilimwita akafumbua macho, akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, akasema, "Umechelewa, mwanangu." Tulimbeba watu wanne, tukigongana na vitanda, dobi akilia kwa sauti. Daktari mkuu alisema nusu saa nyingine tungekuwa tunamwandikia kadi.

Nilipotoka wodini nilikwenda kwenye boksi. Kioo kilisoma kumi na tisa.

Kesho yake alikuwa anaweza kuzungumza. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alinisimulia taratibu. Aliingia saa tatu kuwafuta marehemu nyuso. Mlango ukajifunga, kitasa kikagoma kama kawaida yake. Akabonyeza kitufe.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Mara tatu. Nikasubiri. Hakuja mtu. Baridi ikanizidi, nikaenda kule nyuma kuazima shuka, na pale penye maji nikateleza. Mguu ukavunjika kama kijiti. Sikuinuka tena."

"Hukurudi kwenye kitufe?"

"Nirudi kwa miguu ya nani?"

"Mara tatu tu, shangazi?"

"Tatu. Baadaye nilikuwa naisikia inalia. Nikasema huyo ni mwanangu, anachezea mitambo yake, atakuja."

Nilikuwa mjini.

Sijawahi kuitafuta hitilafu kwa mapenzi kama nilivyoitafuta siku hizo mbili. Niliiwasha na kuizima kompresa mara arobaini. Nilitikisa kila waya. Nilikifungua kitufe nikakikuta kikavu, springi yake nzima. Nilikagua bodi kwa kioo cha kukuzia: kikofia hakipo, chaja mbili, kila upande na chakula chake, na katikati ile mbegu nyeusi inayopitisha mwanga peke yake. Nilikitafuta kikofia kwenye sanduku la zana, nikakikuta kwenye karatasi yake. Na kulikuwa na ile hesabu. Zama za kosa langu, kila mlio ulikiacha kioo kwenye sifuri. Kompyuta iliyochanganyikiwa husahau. Hii haikusahau. Ilihesabu tatu, kisha ikaendelea kuhesabu. Niliomba nikute hata tone moja la unyevu. Fundi mzima, nimepiga magoti ukumbini, naomba kitu kiwe kimeharibika.

Nikarudi wodini nikamwambia yote. Kikofia, aibu, dobi, yule baba, siku niliyokivua, na kwamba nilinyamaza. Hakunitazama.

"Yule baba," akasema. "Ulikuwa umesimama pale, na ukweli unaujua."

"Ndiyo."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Yako kidogo yaniumbue mimi." Akavuta pumzi kwa shida. "Utamtafuta yule baba umwambie. Na utamwambia dobi, maana halali tangu juzi, anadhani ni yeye."

"Nitawaambia."

Halafu akanishika mkono, na wake ulikuwa bado baridi.

"Basi zile za kwanza zilikuwa zako," akasema. "Hii haikuwa yako."

Nikamvutia blanketi mpaka mabegani.

"Gari la manispaa linakuja leo kumchukua wifi," akasema. "Mimi siwezi kumsindikiza. Nenda kamshukuru. Na ubishe hodi."

Karani alinipa ile fomu, imeshachorwa mstari penye jina. Nilikwenda nayo mpaka mlangoni. Nikaweka kipande cha gogo kwenye kizingiti mlango usijifunge. Nikabisha. "Hodi," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza kwa udogo wake.

Alikuwa mahali pake, kitanda cha kwanza cha kulia, nywele zimesukwa pande zote mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa nje ya shuka, umelala juu ya chuma cha kitanda, upande wa ukutani. Shangazi hakumwacha mtu yeyote mkono nje, hata siku moja. Labda tulikigonga kitanda tulipokuwa tunambeba, watu wanne kwenye njia ya mtu mmoja, na mkono ukaponyoka. Inawezekana. Kutoka kwenye vidole vyake mpaka kwenye kitufe ilikuwa shubiri mbili. Nilipima. Mimi ni fundi, hupima.

Sakafu ikatetemeka, kompresa ikawaka. Kengele ikakaa kimya, kama inavyotakiwa.

Nikaushika ule mkono nikaurudisha ndani ya shuka, nikalichomeka shuka pembeni vizuri kama nilivyomwona shangazi akifanya.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Nikaiweka fomu juu ya chuma cha kitanda, na penye uhusiano na marehemu, kabla karani hajapachora, nikaandika: mtoto.